Fensi ya loreli Leicester: miche 26 ilipandwa, nusu yake ikafia kwenye maji

Kila ikikaribia Novemba naulizwa swali moja na Waswahili wenzangu walionunua nyumba huku Uingereza. Kaka nataka fensi ya miti, iwe kijani mwaka mzima, ikue chapchap, majirani wasinichungulie nikichoma nyama. Na jibu ambalo wameshapewa na kila mtu kabla hawajanifikia ni loreli, tena wanaambiwa loreli haifi hata uifanyeje. Si jibu baya, mi mwenyewe nimepanda loreli za kutosha kwenye kazi zangu za bustani, ila hilo la kutokufa ndo linaponza watu, kwa hiyo leo naeleza kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye hapa nitamwita Jamaa tu.

Kwanza tuelewane mti wenyewe. Loreli ya fensi ni Prunus laurocerasus, ukoo mmoja na cheri na plamu, asili yake pande za Bahari Nyeusi, kaskazini mwa Uturuki na Caucasus na ile kona ya kusini mashariki ya Ulaya, kwenye milima ya mvua na vivuli, ndo maana huku inavumilia kivuli kuliko miti mingi. Jani lake pana, nene, linang'aa. Inayouzwa sana kwa fensi ni aina ya 'Rotundifolia', mche wake ukishashika unapanda sentimita 30 hadi 60 kwa mwaka. Kuna loreli ya Ureno pia, Prunus lusitanica, yenye jani dogo la kijani kizito na kikonyo chekundu, nzuri na inakua taratibu zaidi. Na kuna Laurus nobilis, hii sasa ni kitu kingine kabisa, majani yake makavu ndo yanaingia jikoni. Hili la jikoni nitalirudia huko mbele maana kwa Jamaa lilitaka kuzua mambo.

Nyumba yenyewe ni mpya, ipo kwenye esteti iliyojengwa pembeni ya Leicester, mahali palipokuwa shamba. Sehemu kubwa ya Leicestershire ni mfinyanzi, ule mzito, ukiwa na maji unaganda kwenye buti mpaka mguu haunyanyuki, ukikauka unapasuka nyufa unaweza kuingiza kidole. Na esteti mpya zina tabia yake, mitambo inapita hapo miezi na miezi, udongo unashindiliwa, wakimaliza kujenga wanamwaga udongo mzuri kidogo juu, wanatandika nyasi za kununua, unakabidhiwa funguo unaona gadeni safi ya kijani. Chimba sasa. Utakutana na vipande vya tofali, mabonge ya simenti, alafu mfinyanzi ambao beleshi linagonga na kurudi.

Jamaa kwao Dodoma, amekulia kwenye kaya iliyozungushiwa minyaa. Sasa mtu aliyekulia kwenye minyaa ana imani fulani kuhusu fensi za miti, si unajua minyaa, unakata kitawi unachomeka ardhini, unaondoka, mwaka unaofuata una uzio na ng'ombe hapiti. Akachukua imani hiyo hiyo akaja nayo kwenye loreli. Mwisho wa Novemba 2023 akanunua miche 26 ya mizizi mitupu, yaani ile inayong'olewa shambani kitaluni bila udongo na kufungwa mafungu, urefu sentimita 60 hadi 90. Hapo alifanya sawa kabisa, miche ya hivi ni rahisi kuliko ya kwenye vyungu na ikipandwa kwa wakati wake, Novemba mpaka Machi, inashika vizuri. Nafasi pia aliweka sawa, nusu mita mche hadi mche, mstari wa mita 13 kuanzia penye sakafu ya nyuma ya nyumba kushuka mpaka kona ya mwisho wa gadeni.

Mnaona nimesema kushuka. Gadeni ina mteremko mdogo sana, kwa macho huuoni, na Jamaa hakuuona.

Mashimo alichimba ya duara, membamba, marefu, karibu urefu wa beleshi lote, kuta zake zimekuwa laini kabisa kwa sababu mfinyanzi mbichi ukikatwa na beleshi unajisiliba. Ndani akajaza mboji ya mifuko, tena kwa ukarimu, akasimamisha mche, akaufukia zaidi ya pale ulipokuwa umefukiwa kitaluni ili upepo usiuyumbishe, akashindilia kwa mguu. Alisomeshwa na muuzaji kwamba loreli haina mambo mengi, chimba weka fukia mwagia. Kazi iliisha wikiendi moja, akanitumia picha, mstari umenyooka hadi raha.

Alafu ikaja ile winta. Miezi 18 kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2024 ndo iliyokuwa ya mvua nyingi kuliko miezi 18 mingine yoyote England tangu rekodi zianze 1836, na miche ya Jamaa iliingia ardhini kwenye theluthi ya mwisho ya balaa hilo. Tarehe 2 Januari 2024 dhoruba ya Henk ikapita Midlands, mto Soar ukafurika, watu wakaingiliwa na maji majumbani. Kwenye gadeni ya Jamaa hakukuwa na mafuriko ya kuonekana, nyasi zilikuwa zinachuruza tu ukikanyaga, akaona kawaida ya winta. Na loreli zilibaki kijani. Hapo ndo mti huu unapodanganya watu, jani lake nene linaweza kukaa kijani kwa wiki nyingi huku chini mizizi imeshaoza, hasa wakati wa baridi ambapo mti hautumii maji mengi.

Mwezi wa nne jua likaanza kuwaka kidogo, majani ya miche ya chini yakaanza kulegea, yakainama, rangi ikawa ya mkunazi uliokauka, alafu kahawia kuanzia kingo. Jamaa akaona dalili ya kiu. Akanunua mpira mrefu wa maji, kila jioni akitoka kazini anamwagilia, na kadri anavyomwagilia ndo zinavyozidi kulegea. Ndo akanipigia, "Kaka njoo uone, loreli zangu zina ugonjwa, majani yote yana matundu, nadhani wameniuzia miche mibovu."

Nilipofika sikuanza na majani. Nilisimama nyuma kabisa nikaangalia mstari mzima, maana fensi ina faida ambayo mti mmoja hauna, ni mche ule ule, siku ile ile, mtu yule yule, kwa hiyo panapobadilika afya ndo panapobadilika sababu. Miche 11 ya juu, karibu na nyumba, ilikuwa hai na inachipua. Minne ya katikati ilikuwa ipo ipo. Yote 11 ya chini ilikuwa imekufa au inakata roho. Hakuna hata mmoja mzima katikati ya waliokufa, hakuna aliyekufa katikati ya wazima. Ugonjwa wa majani unaosambazwa na upepo na matone ya mvua haupangi foleni hivyo, na miche mibovu ya kitaluni ingekuwa imechanganyika huku na huku maana mafungu aliyafungua bila mpangilio. Kitu kinachopanga foleni kufuata mteremko ni maji.

Nikakwaruza gome kwa ukucha. Ya juu, chini ya gome kuna kijani kibichi. Ya chini, kahawia, na ile minne ya katikati ilikuwa kijani juu lakini ukikwaruza karibu na ardhi unakuta rangi ya chai inapanda kutoka mizizini. Tukang'oa mmoja wa waliokufa. Haukutaka nguvu, ulitoka na mkono mmoja, na maji yakabaki yamejaa shimoni. Harufu ya yai viza. Mizizi myeusi, nikashika mzizi mmoja mwembamba katikati ya vidole viwili nikavuta, ganda la nje likateleza likatoka lote mkononi, kikabaki kiuzi cheupe cha ndani kinaning'inia. Ukiona hivyo usibishane tena, huo mzizi umeoza. Udongo wa ukutani mwa shimo ulikuwa wa kijivu cha kuelekea bluu wenye madoa ya kutu, na hiyo rangi haiji kwa winta moja, ni udongo uliokosa hewa miaka mingi.

Shemeji, mke wake Jamaa, alikuwa amesimama kwenye baraza ya nyuma na kikombe cha chai, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile, "Sasa kama ni maji, mbona majani yalikuwa yanalegea kama mti wenye kiu?" Kwa sababu ulikuwa na kiu kweli, shem. Mzizi nao unahitaji hewa ili ufanye kazi ya kuvuta maji, na hewa hiyo inakaa kwenye vinafasi vidogo vya udongo. Vikijaa maji kwa wiki kadhaa mzizi unakosa pumzi, ncha zinakufa, na mti uliokufa ncha za mizizi unaweza kusimama ndani ya maji na ukakauka. Ikifika Aprili majani yanaanza kudai maji, chini hakuna wa kuyavuta. Na ukiongeza maji unamalizia vile vinafasi vichache vilivyobaki.

Sasa kwa nini maji yalikaa? Hapa sababu zilikuwa nyingi na zilishikana mikono. Mfinyanzi ulioshindiliwa na mitambo haupitishi maji. Ukichimba shimo lenye kuta laini kwenye udongo huo alafu ukajaza mboji laini, umetengeneza beseni, maji ya gadeni nzima yanatiririka kwenye ile sehemu laini na hayana pa kutokea. Watu wengi wanadhani kutia mboji nyingi shimoni ni wema, kwenye mfinyanzi ni kinyume, tena mboji ikizama kwenye maji inaoza vibaya na kula hewa kidogo iliyobaki, na ikinywea mche unashuka chini zaidi. Juu yake, mche ulishafukiwa kupita alama. Kila mche wa mizizi mitupu una alama shinani, mstari ambapo rangi ya gome inabadilika, ndo usawa wa udongo wa kitaluni, na hapo ndo udongo wako unatakiwa uishie. Ya Jamaa ilikuwa imezama karibu upana wa kiganja. Alafu kuna sakafu ya nyuma, aliiongeza mwenyewe kwa vigae vya simenti ili apate nafasi ya jiko la mkaa, na maji yote ya sakafu hiyo yanashuka kufuata ule ule mstari wa fensi.

Tukiwa bado tunazungusha zungusha shimo, mzee wa nyumba ya pili akachungulia juu ya uzio wa ubao. Mhindi, mzaliwa wa Kisumu, yuko Leicester tangu mwisho wa miaka ya 60, na Leicester wazee wa hivi wapo wengi, wale wa Kenya na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972, Kiswahili chao hakijaenda popote. Anakaa kwa mtoto wake. "Kijana," akasema, "hapa ilikuwa shamba ya ng'ombe. Mimi nilikuwa napita na mbwa yangu. Kila Januari hii kona inajaa maji, bata wanakaa hapa. Wewe umepanda miti mahali ya bata." Jamaa alicheka kwa shida. Mi niliona mzee ametuokolea kazi ya kupima, lakini hata hivyo tulipima, tukachimba shimo la sentimita 30 juu karibu na nyumba na lingine chini, tukajaza maji. La juu lilikauka jioni ile ile. La chini Jamaa alinitumia picha kesho yake asubuhi na maji bado yapo, nzi wanaelea.

Tuje kwenye matundu, maana Jamaa alikuwa bado ameng'ang'ania matundu. Ni kweli, karibu kila jani la zamani lilikuwa limetobolewa matundu ya duara kana kwamba mtu amepiga risasi ndogo ndogo, hata kwenye ile miche mizima ya juu. Hiyo kitu loreli nyingi za England zinayo. Bakteria Pseudomonas syringae au ukungu unaingia kwenye jani siku za mvua na baridi, jani lenyewe linazungushia doa mpaka, linalikausha, linalidondosha, panabaki tundu. Ukungu mweupe wa unga nao unafanya kazi inayofanana kwenye majani machanga, jani likikua linachanika chanika. Inachukiza macho lakini haiui fensi, unakusanya majani yaliyodondoka, unaacha kumwagilia juu ya majani, unaendelea na maisha. Kama ungeona kingo za jani zimemegwa nusu duara nusu duara ningefikiria fukusi, wale wadudu weusi wanaotoka usiku, ambao watoto wao wanatafuna mizizi ya miche ya vyunguni. Hapa kingo zilikuwa nzima. Shemeji naye alikuwa na lake, aligeuza jani akanionyesha vidoti vidogo karibu na kikonyo, upande wa chini, na sisimizi wamezunguka, akauliza hawa ndo wadudu wanaotuua? Hapana, hivyo ni vitezi vya utamu vya mti wenyewe, kila loreli inavyo, sisimizi wamefuata sukari.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni Phytophthora, viumbe vya majini vinavyooza mizizi. Vinapenda udongo uliojaa maji hivi hivi, na rangi ya chai inayopanda shinani ni dalili yake. Bila maabara huwezi kuitofautisha na mzizi uliozama tu, na kwa mwenye gadeni ndogo hakuna dawa ya kununua, mbegu zake zinakaa udongoni miaka. Kwa hiyo tuliamua kufanya kana kwamba ipo. Miche iliyokufa haikuwekwa kwenye lundo la mboji, na udongo wa mashimo yale tuliuondoa.

Jamaa alitaka kupanda upya wiki ile ile. Nilikataa. Kupanda loreli Mei kwenye shimo lililoua loreli Aprili ni kuchangia kitalu hela. Kiangazi chote cha 2024 tukaacha, minne ya katikati tukaifukulia udongo shinani ipumue, miwili ikapona, miwili ikafa, ndo hesabu ikafika 13 hai na 13 marehemu. Ile 11 ya juu nayo tuliifukua kidogo mpaka alama ya kitaluni ikaonekana.

Oktoba tukaanza kazi yenyewe. Kitu cha kwanza nilichomkatalia ni mchanga. Kila mtu anakwambia tia mchanga kwenye mfinyanzi, ukitia kidogo hufanyi kitu, na ukitaka ufanye kitu unahitaji malori. Tulichofanya ni kutumia jembe uma, kushuka kadri lilivyokubali na kuinua inua bila kupindua, kwenye ukanda mzima wa upana wa mita moja, sio mashimo. Mboji tukaitandaza ukanda mzima na kuichanganya juu juu. Alafu tukaleta udongo mpya tukapandisha tuta, kimo cha sentimita 30, limelala bapa juu, kuanzia katikati mpaka kona. Jamaa alipoliona tuta limesimama akasema hiki si ndo kilimo cha viazi vitamu! Ndiyo, ndo hicho hicho, bibi zetu walijua mizizi haitaki kukaa majini kabla hatujazaliwa, na huku wataalamu wa bustani wanapendekeza jambo hilo hilo kwa udongo mbaya. Maji ya sakafu tukayakata kwa kijifereji chenye kokoto kinachoyapeleka pembeni, na maji ya paa la kibanda tukayaingiza kwenye pipa.

Ubishi mkubwa ulikuwa kona ya bata. Mita tatu za mwisho nilisema sipandi loreli hata nikilipwa mara mbili, hata na tuta. Nikapendekeza miti ya Carpinus betulus ambayo inastahimili mfinyanzi na maji ya winta vizuri, ila inapoteza ukijani, ikipogolewa kama fensi inabaki na majani makavu ya kahawia mpaka springi. Shemeji hakufurahi, yeye alitaka kijani mwanzo mwisho, alitaka tujaribu hata loreli ya Ureno. Hiyo nayo haipendi kusimama majini. Tukajadili mpaka chai ikapoa na wali ukaiva, mwisho akakubali kwa sharti kwamba ikishindikana gharama ni yangu. Novemba 2024 tukapanda miche sita ya hiyo miti kwenye mita tatu za mwisho na loreli saba kwenye nafasi zilizobaki, mizizi mitupu tena, safari hii mizizi imelowekwa kwenye ndoo kabla ya kupanda isikauke na upepo, alama ya kitaluni juu ya udongo, udongo ule ule wa tuta ndo uliorudishwa, matandazo ya magome sentimita 5 hadi 7 na shina likaachwa wazi.

Mngedhani kisa kimeishia hapo. Springi ya 2025 England ikawa kavu kuliko springi yoyote kwa zaidi ya miaka 100, na Julai ukame ukatangazwa rasmi East Midlands. Tuta ambalo lilikuwa dawa ya winta likawa tatizo la jua, linakauka haraka kuliko ardhi ya kawaida. Na Jamaa, aliyekuwa ameumwa na nyoka, sasa anaogopa hata unyasi, haweki maji kabisa, anasema maji ndo yaliua. Loreli moja ya mwaka ule ikakauka Juni kabla sijagundua kwamba hamwagilii. Hapo ndo nikamwonyesha kupima kwa kidole, unaingiza kidole ardhini chini ya matandazo mpaka kifundo cha pili, pakiwa pabichi unaondoka, pakiwa pakavu unamwaga, na ukimwaga umwage kweli, kama lita 10 kila mche, mara moja au mbili kwa wiki, polepole maji yazame, sio kunyunyiza kila jioni na kulowesha magome. Akaweka mpira wa vitobo chini ya matandazo, kazi ikawa nyepesi. Mche mpya wa loreli unahitaji uangalizi huu kiangazi cha kwanza na cha pili, baada ya hapo unajitafutia.

Kiangazi hicho hicho ndo mama mkwe alikuja kutoka Tanga. Siku ya pili tu akachuma majani kadhaa ya fensi, akayaosha, akayapanga dirishani jikoni yakauke kwa ajili ya pilau. Kwa macho huwezi kumlaumu, mtu anaona jani pana lenye kung'aa na anaambiwa mti unaitwa loreli. Bahati shemeji alikumbuka. Jani la loreli ya fensi ukilivunja linanukia lozi, na harufu hiyo inaendana na sayanaidi ambayo jani linatoa likikatwa au kusagwa. Mbegu zake pia zina sumu. Kuligusa hakuna neno, watoto kucheza karibu hakuna neno, ila haliliwi, halipikwi, na usiwatupie mbuzi au farasi wa jirani. Na sisi tunaofanya kazi hii tunajua, ukipogoa loreli nyingi usizijaze kwenye gari na kufunga vioo, kichwa kitakuuma kabla hujafika jalalani.

Kupogoa tumeanza kidogo. Watu wanaogopa kukata mche mchanga wanasubiri ufike juu, matokeo yake fensi inakuwa na kichwa kikubwa na miguu mitupu. Sisi tunakata ncha ili itoe matawi ya pembeni, na tunaacha chini pawe papana kidogo kuliko juu mwanga ufike. Natumia mkasi wa mkono, mashine inachana jani katikati na kila jani lililochanwa linabaki na kovu la kahawia, kwa jani pana kama hili inaonekana vibaya mno. Mwezi ni Agosti, wakati wa kiangazi ndo vidonda vya jamii ya cheri vinapona bila kuingiliwa na ule ugonjwa wa ukungu unaoitwa jani la fedha, na ndege wengi wameshamaliza kuatamia. Kiota chenye ndege hakiguswi, sheria ya wanyamapori ya 1981 inasema wazi.

Jamaa na shemeji sasa hivi wanabishana urefu. Jamaa amesikia mahali kwamba fensi ya miti hairuhusiwi kuzidi mita 2. Sio hivyo. Ubao au ukuta nyuma ya nyumba ukizidi mita 2 ndo unaomba kibali. Kwa miti, sheria ya 2003 inampa jirani nafasi ya kulalamika kaunsili kama mstari wa miti ya kijani mwaka mzima umezidi mita 2 na unamnyima mwanga au raha ya nyumba yake, kaunsili inapima, inaweza kukuamuru ukate. Hakuna polisi wa kupita na futi. Lakini loreli isiyokatwa inafika mita 6 na zaidi, ndege wanakula matunda wanaenda kuzipanda msituni, Uswisi wamekataza kuuza mti huu tangu 1 Septemba 2024 kwa sababu hiyo hiyo, na Ireland unasumbua misitu. Ushauri wangu kwao ni mita 1.8 na upana wa kama mita moja, urefu ambao Jamaa anafikia bila ngazi. Shemeji anataka mita 3 kwa sababu dirisha la juu la jirani wa kushoto linatazama mezani kwake, na hoja yake ina uzito, ila ngazi kwenye mfinyanzi mbichi sitapanda mimi.

Hesabu ya sasa ni loreli 19 na ile sita ya kona ya bata, ambayo yote imeshika, tena imezipita loreli za jirani yake kwa urefu, shemeji ameiona na hajasema kitu. Nafasi moja ipo wazi. Novemba hii tunajaza, na beleshi atashika Jamaa, mi nitashika mche.